Nyuma ya Picha ya Mheshimiwa

Ilikuwapo, na nasikia bado ipo, nchi moja iliyojaliwa kila kitu isipokuwa mvua, dawa na setilaiti. Mvua ilikuwa inaombewa. Dawa zilikuwa njiani. Kilichokuwa kinawanyima viongozi usingizi ni setilaiti, kwa sababu nchi jirani, tena ndogo, ilikuwa imesharusha ya kwake. Kila Mheshimiwa Rais alipokwenda kwenye mikutano ya nje, rais wa hiyo nchi jirani alimkalia karibu, akatazama juu darini, akatabasamu.

Mheshimiwa akaagiza itafutwe setilaiti. Ikapatikana. Ilikuwa iko huko huko juu, mali ya nchi moja tajiri iliyokuwa imeitumia mpaka ikaichoka. Watu wenye midomo wakaiita setilaiti ya mtumba. Serikali ikafafanua kwamba si mtumba, ni setilaiti yenye uzoefu. Ikapewa jina jipya, Fahari ya Taifa, na siku ya kukabidhiwa shule zilifungwa, wanafunzi wakapangwa barabarani na vibendera, wakayapungia mawingu. Mimi mwenyewe nilipunga. Sikuona kitu, lakini aliyekuwa pembeni yangu alisema ameona, nami nikasema nimeona.

Nchi yenye setilaiti lazima iwe na mahali pa kuitazamia. Ikaundwa Mamlaka ya Vitu vya Angani, ikapewa jengo lililokuwa bohari la pamba, na ndani yake kikafungwa kioo cha kompyuta kikubwa, kilichoenea ukuta mzima. Kioo hicho kilitakiwa kionyeshe ramani, na juu ya ramani vionekane vitu vyote vinavyotuzunguka huko juu: setilaiti zinazofanya kazi, setilaiti zilizokufa, vipande vya roketi, hata bisibisi zilizowaponyoka wanaanga. Kila kitu kiwe nukta, na kila nukta iwe na mstari unaoonyesha inakotoka na inakoelekea.

Mtu aliyepewa kazi ya kuichora ramani hiyo aliitwa Siwema.

*

Siwema alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye tabia ya kuinamisha kichwa upande mmoja anapotazama kitu, kama anayemsikiliza mtu anayenong'ona. Alikuwa amesomea kazi ile ile: kupanga rangi, maandishi na alama kwenye kioo ili anayekitazama aelewe haraka.

"Mtu awe amechoka, awe ana usingizi, awe amegombana na mkewe asubuhi," alikuwa akisema, "akitupa jicho mara moja tu ajue kuna hatari au hakuna. Hiyo ndiyo kazi yangu. Mengine ni mapambo."

Aliyekuwa akiambiwa maneno hayo ni Gwandumi, mtazamaji mkuu wa zamu ya mchana. Gwandumi alikuwa pande la mtu, mpole, mwalimu wa zamani, mzaliwa wa Lwambi. Lwambi ni wilaya ya vitunguu, huko kusini magharibi kabisa, ambako barabara ya lami huahidiwa kila uchaguzi. Mkewe, Tusekile, na binti yao mdogo, Tumpe, walibaki huko kwa mama yake Tusekile, wakisubiri nyumba za watumishi zikamilike. Nyumba hizo zilikuwa zimezinduliwa na viongozi watatu tofauti, bado tu kujengwa.

Kila alipotoka likizo Gwandumi alirudi na gunia la vitunguu, akawagawia wafanyakazi wote, mpaka ofisi ya Mamlaka ikawa inanuka kama jiko. Siwema alimwita kaka. Yeye alimwita dada. Walikula pamoja mchana, na Gwandumi alizoea kumpigia mkewe simu mbele yake bila kujificha, akicheka kwa sauti kubwa, akimwambia, "Msalimie dada yako Siwema," na kumpa simu.

Siwema hakuwahi kuonana na Tusekile. Alimjua kwa sauti. Ilikuwa sauti ya mtu ambaye muda wowote yuko karibu kucheka.

*

Ramani ya kwanza ilikuwa nyepesi kabisa. Nchi kavu ilikuwa ya kijivu, mipaka ilikuwa nyuzi nyembamba, nukta salama zilikuwa nyeupe. Kitu kikianza kuanguka, nukta yake iligeuka nyekundu, ikapiga mlio, na mahali kinapoweza kuangukia pakazungushiwa duara. Gwandumi aliitazama siku ya kwanza akasema, "Dada, hii hata mama mkwe wangu anaielewa," na Siwema akafurahi kuliko alivyofurahi siku alipopewa shahada.

Ndipo akaja Waziri wa Anga, Maji na Vijana, Mheshimiwa Daktari Kanali Mstaafu Kisongo, kuikagua.

Alisimama mbele ya kioo mikono nyuma.

"Nchi yetu iko wapi?"

"Hii hapa, Mheshimiwa," Siwema akasema.

"Hiki?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Nani ameipunguza?"

"Haijapunguzwa, Mheshimiwa. Ndivyo ilivyo ukiilinganisha na dunia nzima."

"Binti," Waziri akasema kwa upole wa mtu mzima anayemwelewesha mtoto, "mimi nchi hii nimeizunguka kwa gari wakati wa kampeni. Ilinichukua miezi. Usiniambie ni kitu cha kufunikwa na kidole gumba."

Nchi ikakuzwa. Siku chache baadaye ikaagizwa ikuzwe tena, mpaka ikajaza kioo chote, na dunia iliyobaki ikabanwa pembezoni kama pindo la kanga. Siwema alieleza kwamba kwa ukubwa huo mistari ya nukta itakuwa imepinda na watazamaji watapata shida. Alielewesha kwa mdomo, akaelewesha kwa michoro. Waziri alimshukuru kwa uzalendo wake.

Halafu ikaja zamu ya rangi nyekundu. Msaidizi mmoja wa Waziri aligundua kwamba nyekundu ni rangi ya chama kile kingine, kile ambacho hakitajwi, na kwamba kila kitu kinapoanguka kioo cha serikali kinakuwa kinakipigia kampeni. Ikaamriwa kwamba usalama uonyeshwe kwa kijani na hatari ionyeshwe kwa kijani kilichokolea. Likafuata neno lenyewe, "kuanguka", lililoonekana kuwa linawapa watu mawazo. Likaondolewa, pakaandikwa "kuteremka kwa hiari". Mlio ulimshtua Waziri akamwagikiwa chai, ukabadilishwa ukawekwa wimbo wa taifa. Lakini kwa kuwa wimbo wa taifa ukipigwa kila mtu husimama wima asifanye lolote, na huko juu vitu vibovu ni vingi, watumishi wakawa wanashinda wamesimama. Mwisho ukaondolewa nao, kukabaki kimya.

Sitaki msomaji afikiri Siwema hakupinga. Alipinga nyekundu wiki nzima. Alipinga mlio siku mbili. Neno "kuanguka" alilipinga asubuhi moja. Mtu huchoka, na anapochoka huanza kuchagua la kupigania, kisha huanza kuona kwamba hata hilo si kubwa sana.

Na Gwandumi alimrahisishia. "Usijali, dada," alikuwa akimwambia. "Kijani kilichokolea tutakizoea. Mistari iliyopinda tutaizoea. Sisi ni watu, si mashine." Na kweli walizoea. Aliwafundisha vijana wa zamu yake kusogea karibu na kioo na kukodoa macho, na kwa muda mrefu hakukuharibika kitu.

*

Kisha likaja agizo la picha.

Kila kioo cha serikali kiwe na picha ya Mheshimiwa Rais, aliyepewa jina la Baba wa Anga, pembeni, upande wowote utakaofaa, kwa ukubwa unaostahili. Kitu chochote kisipite juu ya uso wa Mheshimiwa. Kikifika hapo kipite nyuma.

Siwema aliinamisha kichwa, akaitazama ramani yake. Pembe ya juu kushoto palikuwa na Ikulu na mji mkuu. Pembe ya juu kulia palikuwa na mkoa anakotoka Waziri. Chini kulia ilikuwa bahari. Chini kushoto ilikuwa Lwambi.

Mtu yeyote mwenye akili angeweka picha baharini, ambako hakuna mtu. Siwema alilijua hilo. Alilijua mara moja. Lakini bahari ile alikuwa ameichora mwenyewe, bila agizo la mtu. Walipomharibia vingine vyote aliigeukia hiyo, akaitafutia buluu, akaipima na mwanga wa chumba asubuhi na jioni, akaiongeza kina kidogo kidogo kutoka ufukweni hadi maji makuu, mpaka watumishi wa ofisi za jirani wakawa wanapita tu kuitazama. Ndicho kitu pekee kwenye kioo kile ambacho bado kilikuwa chake.

Akaiweka picha Lwambi.

Kwa kuwa agizo lilisema picha isichezewe, akaifunga, isisogezwe bila idhini ya Waziri. Asubuhi Gwandumi alipoingia na kukuta wilaya yake imefunikwa na shavu la Mheshimiwa, alisimama akashika kiuno.

"Na huku kwetu je, dada?"

"Wamesema iwe pale, kaka," Siwema akajibu.

Lilikuwa jibu fupi tu. Lilimtoka kabla hajalipima, na likishatoka, kulirudisha kukawa na aibu kuliko kuliacha. Gwandumi aliguna, kisha akacheka. Akachukua simu, akampigia mkewe.

"Mama Tumpe, kuanzia leo msiogope kitu. Mnalindwa na Rais mwenyewe, amewakalia juu!"

Siwema akasikia kicheko cha Tusekile kikitoka kwenye simu, akajifanya anatafuta kalamu.

Mzaha huo ulimfikia Waziri, naye hakuuona kuwa ni mzaha. Baada ya muda mfupi ikatoka kanuni rasmi: kitu chochote kinachopita nyuma ya picha kihesabiwe kuwa kiko mikononi mwa Mheshimiwa, na kwa hiyo ni salama, na mtazamaji asikifuatilie.

*

Fahari ya Taifa ilikuwa imechoka. Walioiuza walipiga simu wizarani kusema kwamba inashuka na kwamba haitachukua muda mrefu. Wizara iliwajibu kwa heshima kwamba Fahari ya Taifa haina ruhusa ya kushuka kabla ya uchaguzi. Mamlaka ikaelekezwa kuiacha nukta yake katika kijani cha kawaida, ili isije ikazivunja moyo nukta nyingine.

Ilikuwa mchana, baada ya chakula. Gwandumi alikuwa kwenye kiti chake, Siwema nyuma yake akirekebisha maandishi ya kioo kidogo. Nukta ya Fahari ya Taifa iliingia kutoka kaskazini, ikakata katikati ya nchi, kijani, tulivu, ikateremka kuelekea kusini magharibi. Ikafika kwenye sikio la Mheshimiwa. Ikapita nyuma.

Gwandumi aliingoja itokee upande wa pili. Haikutokea.

Simu yake ikalia.

"Mama Tumpe," akasema, halafu akasikiliza. "Kinang'aa vipi? ... Moshi wa rangi gani? ... Ngoja. Ngoja kwanza." Akageuka. "Dada, hebu isogeze picha kidogo."

"Haisogei, kaka. Nimeifunga."

"Ifungue."

"Inataka idhini ya Waziri."

"Siwema, isogeze!"

Alikuwa hajawahi kumwita kwa jina tupu. Siwema akakimbilia kompyuta, akajaribu, ikamkatalia. Akajaribu tena. Akachukua simu ya mezani akapiga wizarani. Katibu wa Waziri akamjibu kwa sauti nzuri kwamba Mheshimiwa yuko kwenye uzinduzi wa nyumba za watumishi, na kwamba maombi ya kusogeza picha hupokelewa kwa maandishi.

Nyuma yake alimsikia Gwandumi akisema kwenye simu, kwa ile sauti yake ya ualimu, ya kutuliza watu, "Mko wangapi hapo? ... Wengine wako shambani? Basi waite. Msisimame nje mkatazama juu. Ingieni bandani, wote, mkae humo msubiri. Naangalia huku. Nitakwambia."

Akasikiliza kidogo. Akasema, "Ndiyo."

Kisha akawa ameishika tu ile simu sikioni. Siwema aliposema, "Kaka, hawakubali," hakumjibu. Akamwita tena. Gwandumi akaitoa simu sikioni, akaitazama, akairudisha.

"Imekatika," akasema. "Mtandao wa huko mbovu."

Akapiga tena. Akapiga tena. Aliendelea kupiga mpaka zamu ya jioni walipoingia wakimsalimia na vifuko vyao vya chakula.

*

Kilichoanguka kilikuwa tangi la mafuta la setilaiti, duara kama mtungi, kitu ambacho moto wa angani haukuweza kukimaliza. Kiliangukia banda la kukaushia vitunguu. Ndani walikuwamo wanawake wa ujirani waliokuwa wakivuna pamoja, na Tusekile alikuwa mlangoni, ameshika simu. Hakutoka mtu hai. Tumpe alikuwa shuleni.

Serikali ilitoa taarifa jioni ile ile. Ilisema hakuna kilichoanguka. Ikathibitisha kwamba kioo cha Mamlaka kilichunguzwa na wataalamu, na hakikuonyesha kijani kilichokolea hata kimoja siku nzima. Kesho yake, picha zilipoanza kusambaa kwenye simu za watu, taarifa ikaboreshwa: Fahari ya Taifa, baada ya utumishi uliotukuka, ilikuwa imechagua kupumzika katika ardhi iliyoipenda.

Mazishini Waziri Kisongo alihudhuria mwenyewe, kwa helikopta, na upepo wa helikopta ukang'oa turubai. Alisema maneno ambayo nayakumbuka kwa sababu yalirudiwa redioni.

"Ndugu zangu wa Lwambi! Mmekuwa mkilalamika kwamba hamfikiwi na maendeleo. Leo yamewafikia. Ni nani mwingine nchini anayeweza kusema amepokea kitu moja kwa moja kutoka angani? Ndugu zetu hawa hawakufa. Wametangulia kwenye anga, na Mheshimiwa Rais, Baba wa Anga, ameridhia waitwe wanaanga wa heshima."

Watu walipiga makofi, maana walikuwepo waliopelekwa kuwaonyesha wengine wakati wa kupiga. Gwandumi alikuwa amekaa mkekani na binti yake mapajani. Alikuwa anatazama viatu vya Waziri.

Lile shimo lilizungushiwa uzio wa waya na kibao: Kituo cha Kwanza cha Kutua cha Taifa, Hairuhusiwi Kuingia. Uzio ulikata shamba katikati. Vitunguu vya upande wa ndani vikawa mali ya serikali, vikaozea humo.

Na Siwema akapewa nishani.

Nishani ilikuwa ya ramani. Tume iliyoundwa kuchunguza ilikuwa imeona kwamba siku ya tukio hakuna mtumishi aliyepata taharuki, hakuna mlio uliopigwa, wala mwananchi yeyote wa mji mkuu hakusumbuliwa, na sifa zote hizo zilitokana na ubora wa kioo. Waziri alimvisha mbele ya bahari yake ya buluu. Siwema alikuwa amejiandaa kukataa. Alikuwa amepanga na maneno. Lakini jina lake lilipoitwa miguu ilikwenda, shingo ikainama, na mikono ikapokea mkono wa Waziri, yote hayo kabla yeye mwenyewe hajafika.

Usiku hakulala. Wenzake kazini walikuwa wamemwambia kwamba hata kama picha isingekuwepo, huenda isingesaidia, kwa sababu kitu kinachoanguka hakisemi kitatua kwenye banda gani. Huenda ilikuwa kweli. Aliligeuza neno hilo "huenda" kila upande, akakuta halimtoshi hata kujifunika.

Asubuhi akaandika barua ya kuacha kazi, akasafiri kwenda Lwambi.

*

Alimkuta Gwandumi nyuma ya nyumba ya mama mkwe, ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, ananoa jembe ambalo lilikuwa limeshanoleka. Alikuwa amekonda, shati lilimning'inia. Alipomwona akainuka haraka.

"Dada! Karibu. Karibu sana. Mama, mgeni! Huyu ndiye Siwema niliyekuwa nawaambia."

Mama Bupe, mama yake Tusekile, akatokea mlangoni akifuta mikono. Alikuwa mwanamke mfupi, mkakamavu, ambaye kilio kilikuwa kimemwacha na sauti ya kukwaruza.

"Huyu ndiye waliyemlazimisha kuweka ile picha," Gwandumi akamweleza. "Nilikuambia, mama. Alikuwa hana la kufanya. Wale ndio walioamua."

"Pole, mwanangu," Mama Bupe akamwambia Siwema. "Pole na wewe."

Siwema alikuwa amesimama na begi lake mkononi, hajaliweka chini.

"Hawakuamua wao," akasema.

Gwandumi akamtazama.

"Waliniambia pembe yoyote. Mimi ndiye niliyechagua. Ningeweza kuiweka baharini, kaka. Sikutaka kuiharibu bahari. Ilikuwa imenitoka vizuri." Akabadilisha begi mkono. "Halafu uliponiuliza nikasema ni wao. Nilikudanganya."

Upande wa barabarani mtu alipita na baiskeli akiwasalimia, hakuna aliyeitikia.

"Baharini," Gwandumi akasema, kama anayejifunza neno geni.

"Ndiyo."

Alikaa tena kwenye ile ndoo. Aliliweka jembe chini taratibu, kama kitu kinachovunjika. Siwema alisubiri apigiwe kelele, afukuzwe, hata apigwe. Njia nzima alikuwa amejiandaa kwa hayo, na pengine aliyatamani.

"Nenda, Siwema," Gwandumi akasema mwishowe. "Sina nguvu ya kukuchukia leo. Nimejaribu sasa hivi, sina. Nenda."

Siwema akageuka aondoke. Mama Bupe ndiye aliyemzuia, kwa kumshika begi.

"Umetoka mbali," akasema. Hakuwa na upole usoni, ila hakuwa na ghadhabu pia. "Kama umekuja kulia, sisi tumeshalia. Huko shambani, nje ya waya wao, kuna vitunguu vya mwanangu vimekauka majani na hakuna wa kuving'oa. Wenzake wa kuvuna naye walikwenda naye. Unaweza kuinama?"

"Naweza."

"Basi vua hivyo viatu."

*

Alikaa Lwambi msimu ule wote. Alilala chumba cha nje, aliamka na Mama Bupe, walikwenda shambani bila maneno mengi. Mikono yake iliyozoea kompyuta ilipasuka, ikapona, ikapasuka tena. Watu wa pale walijua yeye ni nani, maana alimweleza kila aliyemwuliza. Wapo waliomtemea mate. Yupo mwanamke mmoja, aliyempoteza dada yake, ambaye kila siku alipita njia ya mbali ili asikutane naye, na Siwema akajifunza saa zake, akawa yeye ndiye anayejificha ili yule mwanamke apite njia fupi.

Uchaguzi ulifanyika. Mheshimiwa Rais alishinda vizuri, na Lwambi ndiko alikoongoza kuliko kote, ingawa sikumpata mtu wa Lwambi aliyekumbuka kuona sanduku la kura. Nasikia wanatafuta setilaiti nyingine. Nasikia pia kwamba ramani imekabidhiwa kwa mchoraji mwingine, kijana msikivu.

Gwandumi hakurudi kazini. Alilima upande mwingine wa shamba, akila chakula chake mapema au kwa kuchelewa, ili asikae na Siwema. Mwezi wa kwanza ulipita hivyo, na wa pili. Kisha siku moja, matuta yaliyopandwa mwisho yalipokomaa, akaja kung'oa kwenye tuta lililo karibu na la Siwema. Hakumsalimu. Walikwenda sambamba, migongo imeinama, udongo ukikwaruzika chini ya vidole vyao, mpaka matuta yakaishia kwenye uzio wa waya. Hapo hakukuwa na mahali zaidi pa kwenda. Gwandumi akainuka, akashika waya kwa mkono mmoja, akatazama ndani.

"Wewe ulikuwa nyuma yangu siku ile," akasema. "Ulinisikia mimi. Yeye hukumsikia."

"Sikumsikia, kaka."

"Hakuna aliyemsikia. Watu wananiuliza, mama huyu ananiuliza, alisema nini mwisho. Nawaambia simu ilikatika." Alitikisa kichwa. "Haikukatika. Nilipomwambia waingie bandani aliniuliza, una hakika? Nikasema, ndiyo."

Gwandumi akauachia ule waya.

"Akasema, haya, Baba Tumpe. Wewe ndiye unayejua."

Siwema akaketi kwenye udongo pale pale, vitunguu vikiwa bado mkononi. Baada ya muda Gwandumi naye akaketi, mbali naye kidogo, akaegemeza mgongo kwenye waya wa serikali. Walikaa hivyo bila kutazamana, mpaka Mama Bupe alipowaita kula, nao wakainuka wakaenda kula pamoja.